Uzi: Vazi la springi la kupumzisha kiuno, litawafaa makuli na wakata mkonge wa Tanga?

#1 MwanaMakorora
Habari zenu wanajukwaa. Naleta jambo lililoninyima usingizi.

Kaka yangu anabeba mizigo soko la Mgandini, mwaka wa 11 sasa. Ana miaka 34. Jumatatu alfajiri nimemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali mkononi, hawezi kuinama aingize mguu. Nikamvalisha mimi, mdogo wake. Saa moja asubuhi alikuwa nyuma ya lori anatwikwa gunia kama kawaida.

Usiku ule nikaangalia video za mavazi wanayovaa wafanyakazi wa maghala na viwanda huko Ulaya na Japani. Kitaalamu yanaitwa eksoskeletoni, yaani kiunzi cha mifupa kinachovaliwa nje ya mwili. Nililoliona halina injini. Lina mikanda mabegani, fito mbili mbavuni, na vibao viwili vinavyokaa mbele ya mapaja. Ukiinama springi inakaza. Ukianza kuinuka inaachia na kukuvuta juu.

Hoja yangu: hili ni vazi la kuli kabla halijawa la mtu mwingine yeyote. Mbona Tanga nzima sijaliona hata moja? Ni bei, ni kutojua, au kiuno cha kuli hakina mwenyewe?

#2 Ngamiani Asilia
Pole kwa kaka. Jibu ni bei. Hata haya ya springi tu yanakwenda kwa mamia na maelfu ya dola, yenye mota na betri ndiyo usiulize kabisa. Na kuli analipwa kwa gunia.

#3 Kuli Mstaafu
Pole mdogo wangu. Nimebeba miaka 22, bandarini na sokoni, sugu la begani ninalo mpaka leo. Nikwambie lililonimaliza.

Si kuinama. Kuli wa gunia hainami, anatwikwa. Wenzako wawili wanalishika huku na huku, wanahesabu, wanalinyanyua, wewe unaingia chini yake umesimama wima unalipokea begani. Ukishalipokea ni kutembea tu. Sasa springi ya kuinamia itanifaa nini?

Lililonimaliza ni ubao. Ule ubao wa kupandia lori unanesa, umelowa, juu una rumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ambayo mwenye mzigo anakuambia "kilo mia" na wewe shingo inakuambia mia na arobaini. Mguu ukiteleza kidogo tu, kiuno kinajizungusha chenyewe kuokoa mwili. Sikuanguka siku hiyo. Lakini toka siku hiyo sijalala chali tena.

#4 Fizio wa Pwani
Kuli Mstaafu amegusa penyewe, na watu wengi hawalioni.

Mavazi ya mgongo aliyoyaona mleta uzi yametengenezwa kwa kuinama na kuinuka. Hesabu yake ni hii. Ukishika kitu cha kilo 20 kikiwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli inayokuzuia usianguke kifudifudi imejishika karibu sana na uti, sentimita 5 hivi. Kwa hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kama kilo 160. Na hapo bado hujahesabu kiwiliwili chako mwenyewe kilichoinama. Nguvu zote hizo zinazikandamiza pingili. Vazi la springi linachukua sehemu ya uvutaji huo. Vipimo vya maabara vinaonyesha misuli ya mgongo inapunguziwa kazi kwa kati ya asilimia 10 na 40, kutegemea vazi na namna mtu anavyoinama.

Lakini nguvu haipotei, inahamia kifuani na mapajani. Na gunia likiwa tayari begani uzito unashuka moja kwa moja kwenye uti. Springi ya mapaja haiuoni. Kulipokea gunia hilo unahitaji kiunzi chenye miguu yake mwenyewe inayokanyaga chini.

#5 Msomi wa Chumbageni
Na hicho chenye miguu kimejaribiwa zamani. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza mwaka 1965 kutengeneza kiunzi walichokiita Hardiman, mtu aingie ndani anyanyue kilo 680 kama ananyanyua kilo 27. Mashine yenyewe ikawa na uzito wa kilo 680 hivi. Walipowasha miguu na mikono pamoja ikatikisika vibaya, haikuwa salama kumweka mtu ndani. Mpaka mradi unafifia mwanzoni mwa miaka ya 1970, uliofanya kazi vizuri ni mkono mmoja.

Wazo lenyewe ni kongwe zaidi. Mrusi Nicholas Yagn alipata hataza Marekani mwaka 1890 ya springi za kuvaa miguuni zimsaidie mtu kukimbia.

#6 Fundi Dari
Mbona mnazungumzia mgongo tu? Mimi napiga plasta na kufunga dari. Kazi yangu mikono iko juu toka asubuhi hadi adhuhuri, nikirudi nyumbani kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Ya mabega yapo?

#7 Msomi wa Chumbageni
Yapo, na ndiyo yaliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 Ford walipeleka fulana za mabega za kampuni ya Ekso Bionics kwenye viwanda 15 katika nchi 7, kwa wale wanaofunga nati chini ya gari linaloning'inia. Fulana inabeba kila mkono kwa nguvu ya kilo 2 hadi karibu 7, haina betri. Kazi yako na yao ni moja, tofauti ni dari na gari.

#8 Mkonge Damu
Nimesoma #3 na #4. Kama vazi ni la kuinama, basi mmelipeleka kwa mtu asiye wake. Mpelekeeni mkata mkonge.

Mama yangu alikata, kaka zangu wamekata. Mkataji anashika jani la chini kabisa, anainama analipiga kisu kwenye shina, anakata mwiba wa ncha, anatupa kwenye fungu, anainama tena. Hilo jani la chini ndilo lililokomaa, huwezi kukata ukiwa umesimama. Akimaliza anafunga mizigo, anainama kuinyanyua, anaipeleka barabarani kusubiri trekta la kwenda korona, mashine ya kuchambua nyuzi. Anaanza kabla jua halijatoka kwa sababu likishapanda, utomvu na jasho vikikutana kwenye ngozi ni moto mtupu.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, miche 62 ndiyo iliyofika ikiwa hai. Zaidi ya miaka 130 imepita. Kwenye korona kuna injini, kwenye kubeba kuna trekta. Mkataji bado ana kisu na kiuno chake.

#9 MwanaMakorora
Ahsanteni wote. Mzee wangu Kuli Mstaafu shikamoo. Nimemsomea kaka post yako, amesema "huyo anaijua kazi." Lakini ana la kuongeza. Sokoni gunia halibebwi mara moja. Likishatuliwa ghalani linapangwa chini, mteja akija linafunguliwa, wanapima debe kwa debe, wanafunga vifurushi, na hapo hakuna wa kukutwika. Vitunguu, viazi, ndizi, matikiti, vyote vinaokotwa chini. Anasema begani anaumwa wakati wa kazi, kiuno kinamuuma usiku.

#10 Kuli Mstaafu
Marahaba. Hapo kaka yako yuko sahihi, enzi zangu kazi ya kupima ilikuwa ya vijana wengine. Mwambie atue kwa kupiga magoti, asitue kwa kuinama.

#11 Ngamiani Asilia
Kabla hatujafika kwenye springi za Ulaya, si kuna ile mikanda mipana ya kiunoni? Wanyanyua vyuma wote wanayo, bei yake inashikika. Kaka aanzie hapo.

#12 Fizio wa Pwani
Ngamiani, hapo nakupinga. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipitia ushahidi wa mikanda hiyo mwaka 1994 ikasema hautoshi kuonyesha kwamba inamkinga mtu mzima asiye na jeraha. Mwaka 2000 ukatoka utafiti wao mkubwa kwa wafanyakazi wa madukani waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Waliovaa na wasiovaa, maumivu na madai ya fidia hayakutofautiana.

Mkanda unabana tumbo, hauna springi ya kurudisha nguvu. Usiuweke kapu moja na haya mavazi. Na ndiyo maana hata haya mapya nayapokea taratibu. Mkanda nao ulipendwa sana kabla ya kupimwa kwa muda mrefu.

#13 Bi Mbeleko
Hodi jukwaani. Wanangu, mnazungumza kana kwamba vazi la kubebea limeanza kiwandani.

Mimi nimelea wanangu watano mgongoni huku nauza samaki soko la Deep Sea. Mbeleko ikifungwa vizuri, kitako cha mtoto kinakaa juu ya nyonga, kanga imekaza kifuani, mikono yako yote miwili iko huru unaparua samaki. Ikilegea kwa vidole vitatu tu, mtoto anashuka, na jioni kiuno si chako. Na ndoo ya samaki kichwani juu ya ngata, shingo imenyooka. Wanaume wa gunia wanaweka begani upande mmoja, mwili unapinda kama mnazi wa ufukweni. Kwa nini msiumwe? Leteni hiyo springi, lakini kwanza jifunzeni kuweka mzigo katikati.

#14 Msomi wa Chumbageni
Bi Mbeleko shikamoo. Una mashahidi. Mwaka 1986 watafiti walipima wanawake wa Kikuyu na Kijaluo nchini Kenya, wakakuta wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Wanajeshi waliopimwa kwa mabegi ya mgongoni walitumia nguvu zaidi kadiri mzigo ulivyoongezeka. Utafiti ulichapishwa katika jarida la Nature. Maelezo yaliyotolewa baadaye, mwaka 1995, ni kwamba mwendo wa wale mama unafanana na pendulamu, kila hatua inairithisha inayofuata nguvu yake.

#15 Fizio wa Pwani
Naheshimu, lakini tusikomee 1986. Mwaka 2010 watafiti walipima wanawake wa Afrika Kusini, hawakuukuta unafuu huo, na maumivu ya shingo yakajitokeza kwa wengi. Na hata ule wa Kenya ulipima pumzi tu, yaani nguvu anayotumia mtu, pingili za shingo hazikupimwa. Mama zetu ninaowapokea kliniki, kinachowaleta ni shingo na ganzi ya mikono.

#16 Bi Mbeleko
Marahaba Msomi. Daktari, shingo yangu nzima, nina miaka 61. Ila hilo la ganzi ya mikono dada yangu analo, na yeye alikuwa wa ndoo za maji. Siwezi kukukatalia.

#17 Sahare Bahari
Na mzega je? Babu alikuwa anatoa samaki na nazi kwa mzega, tenga mbele tenga nyuma. Hakuchukua mti wowote tu, alichagua unaonesa. Akitembea, mzega unapanda na kushuka naye kama una roho. Mimi nilijaribu kwa mti mkavu usionesa, bega lilichubuka kabla sijafika barabarani.

#18 Msomi wa Chumbageni
Sahare umenigusa. Mtafiti Rodger Kram alichapisha mwaka 1991 vipimo vya kubeba kwa fito zinazonesa kama zile za Asia. Pumzi haikupungua, ila kile kishindo cha juu kabisa kinachopiga bega kila hatua kilipungua. Halafu 2006 Lawrence Rome na wenzake wakatengeneza begi lililoning'inizwa kwa mipira, mtu akitembea mzigo unabaki karibu umetulia, na hapo hata nguvu anayotumia ikashuka.

Kwa hiyo begani kwa Kuli Mstaafu kinachotakiwa pengine si springi ya mapaja bali kitu cha kunesa kati ya gunia na bega.

#19 Kuli Mstaafu
Kwenye ubao ule ule unaonesa? Msomi, gunia linese, ubao unese, na mimi katikati? Hapana mwanangu. Niwekee ubao imara wenye vipandio na mtu wa kuushika, mengine baadaye.

#20 Chumvi Tupu
Nafanya kazi mashamba ya chumvi. Springi ya chuma huku haimalizi masika. Bawaba ya mlango tunabadilisha kila mara, sembuse springi inayolowa jasho na maji chumvi kutwa. Halafu joto. Februari hapa hata fulana ni mzigo, mnataka nivae mikanda kifuani na vibao mapajani?

#21 Mtetezi wa Vibarua
Nimesoma yote, na naona mnazunguka mlango. Kiuno kinavunjwa na uzito na namna ya malipo.

Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja ukizidi kilo 55 zichukuliwe hatua za haraka kuupunguza. Kilo 55! Gunia halali la mazao hapa kwetu ni kilo 100, na rumbesa ambayo Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kila msimu inapita hapo. NIOSH wao kwa kunyanyua katika hali nzuri kabisa wanaanzia kilo 23.

Sasa mvalishe kuli springi, analipwa kwa gunia. Atafanya nini? Atabeba magunia mengi zaidi. Mwenye mzigo akiona hachoki ataongeza rumbesa. Faida ya springi itaishia mfukoni mwa mwenye lori. Wakati huo huo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo toka 2008, mbona hamuutaji?

#22 Mzee wa Gati
Mtetezi, rekebisha kidogo. Sheria ndiyo ya 2008, Mfuko ulianza kazi 2015. Na fidia inamfuata mfanyakazi mwenye mwajiri. Kuli wa sokoni leo anashusha lori la huyu, kesho la yule. Nani atamwandikisha?

La uzito nakuunga mkono. Zamani meli zilitia nanga nje, mzigo ukishushwa kwenye matishari, ukavutwa hadi gatini, ukashushwa tena. Kila gunia liliguswa mara mbili. Sasa kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, meli inakuja ukutani, kontena linanyanyuliwa na kreni. Viuno vingi vimepona pale kwa sababu mzigo uliondolewa mikononi mwa watu.

#23 Kuli Mstaafu
Vimepona, ndiyo. Na wenye viuno hivyo wamehamia Mgandini. Nawajua kwa majina.

#24 Mkonge Damu
Mtetezi, shambani pia tunalipwa kwa kipimo. Lakini mama hakukata zaidi siku alizokuwa na nafuu. Alimaliza kipimo chake mapema akarudi kulima mahindi yake. Kila mtu ana hesabu yake ya mwili.

#25 Mshona Viti
Nashona viti vya magari Ngamiani. Toka uzi huu uanze nimekuwa nikijaribu kitu, nikaona nisiseme kabla hakijavaliwa.

Nimekata tyubu za baiskeli vipande vya upana wa vidole vitatu, nikavipishanisha mgongoni. Juu nimevishonea kwenye mikanda ya begi la shule, chini kwenye mikanda miwili ya turubai inayozunguka mapaja, ndani nimeweka sponji. Kanuni ni ya manati. Nikamvalisha shemeji yangu anayekata mkonge, saa 12 asubuhi.

Hadi saa 2 alikuwa anafurahi, anasema ni kama mtu amemshika kola kwa nyuma anamsaidia kuinuka. Saa 3 mkanda wa paja la kulia ukaanza kupanda hadi kwenye kinena. Akawa kila majani kumi anasimama anaushusha. Alipochuchumaa kufunga mzigo mpira ukawa unamvuta nyuma, akakaa kitako kwenye miiba. Saa 4 akaivua akaitundika kwenye mkonge. Pajani pamechubuka ukubwa wa kiganja. Ila jioni kasema kiuno kilikuwa chepesi kuliko jana yake. Sijui nimwamini au ananifariji.

#26 Fizio wa Pwani
Fundi, hongera sana, na mpe pole shemeji. Siku moja haitoshi kusema kiuno kimepona, lakini makosa uliyoyakuta ndiyo wanayohangaika nayo hata wenye maabara. Lipo vazi la mpira la Marekani lililotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, lina swichi ya kuuachia mpira mtu anapokaa au kuchuchumaa. Tafuta namna ya kuuachia kwa mkono mmoja. Na mkanda wa paja ushuke karibu na goti, uwe mpana, usikazwe sana. Akisikia ganzi mguuni avue papo hapo.

#27 Chumvi Tupu
Tyubu haishiki kutu. Hapo nimekaa sawa kusikiliza.

#28 Mshona Viti
Nitaweka bizimu begani ya kuvuta na kuachia. Tyubu yenyewe siku ya pili ilikuwa imelegea, nitajaribu ya pikipiki.

#29 Mtetezi wa Vibarua
Fundi nakuheshimu, lakini msimamo wangu uko palepale. Kilo 55.

#30 Bi Mbeleko
Fundi, sponji inashika jasho. Tumia kanga iliyokunjwa mara nne, inakunywa na inakauka.

#31 MwanaMakorora
Fundi, kaka anataka kujaribu ile ya pili, ya kazi ya kupima na kuokota chini, gunia la begani hataivalia. Paja la kulia sentimita 56, la kushoto 55. Urefu wa bega hadi paja nimpime akiwa amesimama au ameinama?

#32 Mshona Viti
Pima yote mawili. Ile tofauti ndiyo itaniambia mpira nikate mrefu kiasi gani. Akishindwa kuinama hadi chini usimlazimishe, pima pale anapofika.